Namba ya Baba

Juzi nilimkuta binti yangu akitafuta namba tasa, zile zisizogawanyika ila kwa moja na kwa zenyewe. Nikaandika 9973 pembeni ya daftari lake.

Ilikuwa namba ya baba ya jeshini. Alipokwenda vitani alituhamisha kutoka kambi ya Kimaka, kule Jinja, hadi mtaa wa Malukhu, akaniachia kipande cha chaki. "Namba hii haigawanyiki," alisema akicheka. "Jaribu, mtoto. Siku ukiigawa, mimi kwisha!"

Niliamini kwamba namba hiyo ndiyo iliyomlinda. Alasiri moja, harufu ya mikate myembamba ya kisra ikitoka jikoni, nilipiga magoti sakafuni ili nihakikishe yuko salama. Niliigawa kwa namba tasa moja baada ya nyingine, nikifurahia kila baki. Nilipofika hamsini na tisa, hakikubaki kitu. Leo najua nilikosea kuzidisha tu, na kwamba baki ilikuwa mbili. Siku ile niliifuta sakafu upesi kwa gauni langu.

Kabla ya magharibi afande mmoja kutoka Jinja alipiga hodi, kofia mkononi. "Pole, mama," alisema. "Mzee hatarudi."

Mama alipiga ukelele, akaketi chini. Nilimshika miguu. "Nisamehe, Mama. Ni mimi."

"Wewe umefanya nini, mwanangu? Hujafanya kitu." Akanipakata, akalia kichwani pangu.

Nilikunja pindo la gauni lenye chaki. Nilijua kwamba nikimwambia, hatanipakata tena.