Kifua cha Gitaa na Joto la Kamsamba

Siku yangu ya kwanza kazini sikupewa msumeno wala randa. Bruda aliyesimamia karakana ya misheni, Mhispania mwenye mikono mikubwa, aliniweka mbele ya rundo la mbao nyembamba akasema, "Gonga, usikilize. Kesho utaniambia." Nikagonga hadi jioni. Ukungu wa Mbozi uliingia dirishani ukatoka, na mimi nilisikia ko, ko, ko tu. Nilikuwa nimeishia darasa la nne, nikadhani kuna kitu ambacho waliosoma zaidi wangekisikia.

Asubuhi nikamwambia ukweli. "Bruda, sikusikia kitu."

Akacheka. "Vizuri. Aliyekutangulia alisikia malaika. Nimempeleka bustanini."

Hivyo ndivyo nilivyoingia kwenye utengenezaji wa magitaa, miaka michache baada ya Uhuru. Naandika kwa kuwa vijana wananiuliza, ingawa sina hakika kama ninachokumbuka ni kazi yenyewe au harufu yake.

Gitaa ni sanduku lenye shingo. Uso wake wa mbele tuliuita kifua. Bruda aliagiza mbao za kifua kutoka kwao, nyeupe, zenye mistari iliyonyooka kama nywele zilizochanwa. Tulizipiga randa mpaka ukiinua moja dirishani mwanga unapita mwekundu, kama kwenye sikio la sungura. Kwa ndani tulibandika vijiti vilivyotandazwa kama vidole vya mkono ili kifua kisibonyee, kwa gundi ya ngozi iliyochemshwa kwenye kopo ndani ya maji. Gundi hiyo haisubiri mtu. Ukigeuka kumjibu anayekusalimu, imeshaganda.

Tulitengeneza magitaa ya aina mbili. La kwanza lilikuwa la muziki wa kusikilizwa watu wamekaa kimya, lenye mgongo na mbavu za mninga. La pili lilikuwa la ngoma ya kwao Bruda, ile ambayo watu hupiga makofi na kukanyaga sakafu. Hilo lilitaka mti mwepesi. Siku moja Bruda alinusa ile miti ya Krismasi iliyopandwa kuzunguka misheni kukinga upepo, akasimama muda mrefu ameshika gome. Akasema mti wa kwao ni ndugu wa ule. Tangu hapo tuliukata kwa adabu.

Mwisho ilikuwa kung'arisha. Vanishi ilikuja ikiwa vipande vyekundu, vyepesi kama mabawa ya kumbikumbi, tukaviloweka kwenye spiriti. Unachukua kitambaa kilichoviringwa, tone la mafuta, unazungusha, unazungusha, na mawazo yako yanazunguka nawe. Nimewahi kuanza asubuhi na kushtuka jua limeshavuka paa, nisijue nilikuwa wapi.

Zama za Ujamaa, Bruda alirudi kwao. Karakana ikawa ushirika, ikahamia Mpemba, kando ya barabara kuu. Aliniachia patasi zake na vifua vichache. Mkubwa wangu sasa alikuwa Mwenyekiti wa ushirika, mzaliwa wa Kamsamba, mtu wa sauti ya chini. Wengine walimsema kuwa adui wa muziki. Mimi sikubali. Watoto wa shule walikuwa wanakaa chini, yeye alitaka madawati. Ningekuwa yeye labda ningetaka vilevile.

Ila magitaa nayo yalimpa sababu. Tulitengeneza moja kwa ajili ya kwaya ya Kamsamba, likateremshwa kule bondeni kwenye joto. Kabla kiangazi hakijaisha likarudi na ufa kifuani, mrefu, kutoka tundu la sauti mpaka chini.

"Ndugu Siwale," Mwenyekiti akasema, akipitisha kidole kwenye ufa, "dawati halifanyi hivi."

"Halifanyi, Ndugu Mwenyekiti."

"Hii meza yako ya magitaa naitaka ya kutengenezea madawati."

Bruda alitufundisha huku kwenye ubaridi, na sote tulifunga sanduku mbao zikiwa zimeshiba unyevu bila zenyewe kuonekana kulowa. Zikifika kwenye joto kavu husinyaa, na kwa kuwa zimebanwa kila upande, hupasuka. Hayo nayaeleza leo kama ninayajua. Siku ile sikuyajua.

Aliyejua alikuwa Mwenyekiti, na hakujua kwamba anajua. Alitoka, akarudi mlangoni. "Mwanamke wa huku juu akiolewa Kamsamba, mwaka wa kwanza anauguaugua. Mama yangu alikuwa hampi jembe bibi harusi wa huku mpaka azoee joto. Wewe gitaa lako umelipa jembe siku ya kwanza."

Nikamwangalia. "Kwa hiyo mbao zitangulie Kamsamba?"

"Mimi si fundi," akasema. Halafu: "Zitangulie. Kiangazi kijacho kikiisha, gitaa lije hapa zima, meza inabaki. Likiwa na ufa, usiniombe."

Nikapanda lori lililokwenda kuchukua mpunga, nikiwa na mbao zangu kwenye blanketi. Mwalimu wa kwaya alinipokea kwake. Tulizitundika mbao kwenye kenchi za nyumba, na kila asubuhi mkewe alinitania: "Shemeji, wageni wako wameamkaje? Wamekunywa chai?"

"Wamekonda, shemeji."

"Wakondeshe, ndiyo Kamsamba hiyo!"

Kweli zilikonda. Ubao uliokuwa na upana sawa na urefu wa rula ulipungua, rula ikachomoza pembeni. Nilifunga sanduku mwezi wa joto kali kuliko yote, jasho likidondoka, gundi ikikataa kuganda haraka kwa mara ya kwanza maishani mwangu. Nyuzi nyembamba, zile za sauti ya juu, nilizifanya kwa mshipi wa nailoni wa kuvulia samaki. Nikaliacha gitaa na kwaya, nikarudi Mpemba nisilale vizuri mvua zote na kiangazi chote.

Mwalimu akalileta mwenyewe, limefungwa kwenye kanga ya mkewe. Mwenyekiti akalifungua juu ya meza yangu. Akalitazama kwa mbele, akaligeuza, akapitisha kidole palepale palipokuwa na ufa kwenye lile la kwanza. Hapakuwa na kitu.

"Meza inabaki," akasema, kama anayetaja hali ya hewa.

Sasa nimestaafu. Wananiuliza kama kazi ile ilistahili meza wakati watoto walikosa madawati. Sijui, na anayejua namwogopa kidogo. Najua tu kilichofuata siku ile. Mwenyekiti aliketi, akaliweka gitaa mapajani kama mtu aliyepewa kichanga cha jirani, mikono hewani. Barabarani yakaanza kupita malori ya kwenda mpakani, na kila lilipopita moja, nyuzi zilinguruma zenyewe kwa sauti ya chini mapajani mwake.

"Sijaligusa," akaninong'oneza.

"Najua, Ndugu Mwenyekiti."

Hakuinuka. Tukasubiri lori lingine.