Mtoto Asiyeshtuka

Huu ni mwaka wa sita Sabina anapata riziki yake kliniki kwa kushtua watoto wasiotulia darasani. Humbandika mtoto nyaya chini ya jicho, humvisha hedifoni, kisha humpigia mlio mkali ghafla. Mashine hupima jicho limepepesa kiasi gani.

Nusrat wa mtaa wa Pasiansi, binti wa miaka minane, alipigiwa milio ishirini. Jicho halikutikisika, na masikio yake yalikuwa mazima. Sabina akaandika, "Hashtuki," akazima mashine.

Mlangoni wakitoka, mama yake Nusrat akamkaripia binti, "Umemwamkia daktari wewe?"

Nusrat akainamisha kichwa. "Shikamoo."

"Marahaba." Sabina akanyoosha mkono amguse utosini.

Mtoto akaruka nyuma, akajikinga uso kwa viwiko.

"Si unaona?" mama akasema. "Hatulii huyu."