Mgongo wa Katekista wa Wamaza

Mtu wa pikipiki ameniletea habari kutoka Wamaza: yule katekista mzee aliyenifundisha ishara ya msalaba amekufa. Amekufa kwa uzee, amelala chali kitandani mwake. Mtasema kulala chali ni ajabu gani? Ngojeni kwanza. Wakati wa Wabelgiji kuna msimu mzima ambao mtu huyu hakuweza kulala hivyo.

Enzi zile kila mwanamume alilazimishwa kulima pamba. Shamba likiota majani, kapita, yaani msimamizi, alikulaza chini mbele ya watu akakuchapa fimbo, wenzako wakikushika mikono na miguu. Basi Kwaresima moja katekista akatufundisha kwamba asiye na kosa alibeba adhabu ya wenye kosa. Akasimama jirani yetu, mlevi wa pombe ya mchikichi, ambaye pamba yake ilikuwa haionekani kwa majani. "Mwalimu, mafundisho iko muzuri sana. Kesho kapita atanichapa. Utakuja kunibebea?" Tulicheka mpaka benchi likaanguka. Katekista hakucheka. Kesho yake akaja, akavua shati, akalala. Kapita akajikuna kichwa, akasema, "Mimi natafuta mugongo. Ya nani, shauri yenu." Akachapa.

Mnawajua watu. Juma lililofuata wavivu walijipanga mlangoni kwake kama wanaokwenda kuungama, mmoja ametoka Lusangi kwa miguu. Hata muuza chumvi mmoja, Mwislamu wa Kasongo, aliyekimbia kazi ya barabara, aliuliza kwa adabu: "Mwalimu, sisi watu wa musikiti tunaingia pia?" Akaambiwa ndiyo, Mungu hachagui. Pamba ikamezwa na majani kijiji kizima. Mke wa katekista, akimpaka mafuta kwenye vidonda, akafoka: "Bwana Yesu alikufa mara moja. Wewe unataka kila juma? Utaniacha mujane sababu ya walevi!" Ikabidi aende misheni kumwuliza padri. Padri akamwambia asali, apambanue sauti ya Mungu na sauti ya kiburi. "Mupadri," akajibu, "zote mbili zinaniambia nilale chini."

Hata hivyo alisali, akarudi na sharti moja: mwenye kosa mwenyewe ndiye atakayemshika miguu. Wa kwanza alikuwa mlevi wetu. Fimbo ikalia, miguu ikatetemeka mikononi mwake, naye akapiga yowe, "Acha! Ni yangu hii!" akajitupa juu ya mgongo wa mwenzake. Katekista chini anagomba: "Toka, unaniharibia sadaka!" "Sitoki, mwalimu!" Waligombania fimbo kama watoto wanaogombania muwa, mpaka kapita akawachapa wote wawili, akaenda zake akitukana. Tulipogeuka kuangalia wale wengine waliojipanga, hatukuona mtu. Walikuwa wamekwenda kupalilia.

Baadaye nilimwuliza ile sauti aliipambanua vipi. Akasema ya kiburi ilimtaka alale yeye tu. Ya Mungu ilitaka na yule mwingine aamke. Mimi shule yangu ilikuwa fupi, lakini hilo liliniingia. Mtu akikukomboa nawe uko mbali, utasema asante na kurudi kwenye pombe yako. Kwa hiyo Ijumaa Kuu, tunapokwenda kubusu miguu ya msalaba, walio nyuma yangu wanivumilie. Mimi sibusu haraka. Kwanza naishika.