Shimo Halitagi

Nélida Curiñanco Pugh, binti wa Segundo aliyekata kondoo manyoya pwani nzima ya Chubut, mjukuu wa Eluned aliyewatimua kwa ufagio wawinda mafuta ya pengwini, na mwenyewe miaka thelathini akiwavisha pengwini pete za bawani na kuwahesabu kila Oktoba, alikuwa amechoshwa na watu.

Asubuhi ile mhandisi Ledesma alifika na karatasi yake kutoka mjini. Iliagiza kwamba viota vikizidi mia tatu, barabara ya watalii itapitishwa bondeni, kwa kuwa ndege watakuwa wengi wa kutosha. Naye alikuwa amepata mia tatu na kumi na viwili.

“Umehesabu nini, baba?”

“Mashimo, mama.”

“Mashimo! Tangu lini shimo likataga yai?”

“Lakini mama, yote yanafanana.”

“Hata vichwa vinafanana, ila si vyote vina kitu ndani!”

Ledesma akacheka peke yake. Nélida alijua kwamba hesabu ile ikitiwa sahihi, tingatinga litakuja kabla mayai hayajaanguliwa. Kwa hesabu yake mwenyewe, mashimo yenye ndege yalikuwa mia moja na manane tu. Mengine yalijaa mchanga.

Akampokonya karatasi, akamtia mkononi tochi na fimbo yake yenye kulabu.

“Vua koti, ulale kifudifudi. Msogeze ndege taratibu, soma namba ya pete, tazama mayai. Akikudonoa, vumilia. Anza na lile la kichakani, na usirudi kwangu mpaka umalize bonde zima.”