Mtoto wa Degedege Hachomwi Sindano

Nilipokuwa mtoto, kwetu Ngara kila mtu alijua kwamba mtoto mwenye degedege hachomwi sindano. Akichomwa, anakufa. Hata katekista wetu, aliyekemea mizimu kila Jumapili, hilo hakuligusa. Ndege mbaya akipita juu ya nyumba, kivuli chake kikamwangukia mtoto, mtoto hukakamaa na kugeuza macho. Dawa ni kumfungia ndani na kumfukiza majani mpaka kivuli kitoke.

Mdogo wangu Deo alishikwa mchana, tukipukuchua maharage. Miaka hiyo kambi ya Benaco, jirani yetu, ilijaa wakimbizi kutoka Rwanda, na hospitali ya mahema kule kambini ilipokea hata wenyeji. Baba alikuwa Nyakanazi akitafuta vibarua. Uamuzi ukabaki kwa mama na bibi mzaa baba, na bibi hakuwa mtu wa kupingwa.

"Mama Anastazia, funga mlango," bibi alimwambia mama, akimwita kwa jina langu, majani tayari mkononi. "Ukimtoa nje, kivuli kinakwenda naye. Na wale watamchoma sindano. Utaniletea maiti hapa."

 Mama alichukua rozari ukutani, akapiga magoti pale pale kwenye maganda ya maharage. Alikuwa mtu wa kumuuliza Mungu kila kitu: auze mbuzi au asiuze, apande mtama lini. Nilizoea. Lakini siku hiyo Deo alikuwa anatoa povu, nami nilitamani kumvuta mama ainuke. Alisali kidogo, akainuka, akamfunga Deo mgongoni.

"Mungu amekuambia nini?" bibi akauliza. Haikuwa kejeli, alitaka kujua kweli.

"Hajasema kitu, Mama."

"Hajasema, na wewe unakwenda?"

"Nakwenda."

Bibi akaguna. Kisha akaja akamfunika Deo kichwa chote kwa kitenge chake mwenyewe. "Basi angalau jua lisimguse."

Nilitembea nyuma ya mama nikiangalia juu, nikimtafuta huyo ndege.

Foleni ya mahema ilikuwa ndefu. Mwanamke mmoja mkimbizi alitutazama, akacheka. "Jamani, hata wenyeji leo wamekimbilia kambini! Mnamkimbia nani?"

Lugha yake na Kihangaza chetu vinaelewana. Mama akamjibu, "Namkimbia mama mkwe."

Watu wakacheka. Kisha yule mwanamke akafunua kitenge, akamwona Deo. Alitusukuma mpaka mbele huku akigombana na kila aliyekataa kusogea.

Muuguzi alipoinua sindano, mama alifumba macho. Alisema neno moja tu: "Choma."

Deo hakufa. Ila alipoanza kutembea tena, mguu wa kushoto ulikuwa unaburuta. Kama ni sindano au ni ule ugonjwa wenyewe, hakuna aliyetuambia.

"Nilikuonya," bibi alisema.

"Ulisema atakufa."

"Nilisema sindano si nzuri."

"Ulisema atakufa, Mama. Na sasa anamaliza viazi vyako."

Jumuiya yetu ya kanisani ilipokutana kusali, walitaka mama ashuhudie. Mwenyekiti akamsaidia maneno: "Ukasikia sauti moyoni, sivyo?"

"Hapana. Sikusikia."

"Basi amani fulani?"

"Amani gani? Niliogopa mpaka mwisho."

Mwenyekiti akaanzisha wimbo.

Nimekuwa mtu mzima, nimesikia wengi wakisema Mungu kawaambia waoe, wahame, wagombee. Mimi ni mwepesi wa hasira, na watu hao hunikasirisha haraka. Labda wameambiwa kweli, sijui. Ninachojua ni kwamba sijaona mtu aliyemtegemea Mungu kuliko mama, na siku aliyomhitaji zaidi hakuambiwa kitu, wala hakudanganya kwamba aliambiwa. Naona alipiga magoti ili woga wa bibi usimwamulie, wala hasira yake mwenyewe. Baada ya hapo ilibaki kutembea, na hakuna ambaye angetembea kwa niaba yake.

Mguu wa Deo sijaweza kuuweka upande wa bibi wala upande wa mama. Siku hizi analima huko Nemba na ana watoto. Mmoja akipata homa, humbeba mwenyewe hadi zahanati, akichechemea. Nilimuuliza kama husali kwanza. Akasema husali akiwa njiani.