Alama ya Vema Mbele ya Masagati

Kwa miaka tisa kazi yangu ilikuwa kukaa kwenye chumba cha redio cha kampuni moja ya kununua na kusafirisha mpunga, pale Ifakara. Malori yalitawanyika bondeni, nami niliwaita madereva kwa redio za upepo kujua nani kafika wapi na nani kakwama. Redio zile zilikwaruza kama kikaango cha dagaa, lakini zilifika hadi Masagati, mbali kule kupita Mlimba.

Kisha meneja akaleta vifaa vipya, vidogo kama simu, vyenye laini ndani. Unabonyeza, unaongea, sauti inapita kwenye minara ya simu. Na mimi ofisini ningeona kwenye skrini kila lori lilipo. Nikatumwa kwanza nizunguke vituo vyote, nijaribu mtandao, niweke alama ya vema kwenye fomu kila mahali unaposhika. Baada ya hapo redio za zamani zingeng'olewa kwenye malori.

Kiberege sauti ilikuwa safi. Mang'ula vilevile. Mlimba niliongea na wa ofisini kama tumekaa chumba kimoja. Kutoka hapo kwenda Masagati njia ilikuwa tope tupu, na jioni ile nilikuwa nimealikwa Ifakara kwenye kicheni pati ya binti wa jirani aliyekuwa anaolewa. Nikamuuliza mwenye duka mmoja wa pale Mlimba kama Masagati kuna mtandao.

"Upo, upo," akasema, macho kwenye mizani yake.

Nikaweka vema, nikageuza gari.

Siku ya kung'oa redio, ni dereva mmoja tu aliyeuliza. Alikuwa mzee wa Kindamba, mkubwa kuliko wote pale, na njia ya Masagati ilikuwa yake.

"Mwanangu, na kule kwangu ulifika?"

"Nilifika, baba."

"Kinashika?"

"Kinashika."

"Haya. Ukisema wewe, mimi sina neno."

Masika yalipoanza, asubuhi moja alama ya lori lake ikasimama kwenye skrini, kidogo tu kupita Mlimba. Saa sita ilikuwa palepale. Nilijua kwa nini: mtandao uliishia hapo. Bado nilijiambia kifaa kinachelewa, nikaenda kula.

Kesho yake saa nne ndipo simu ikaingia, kutoka kwa mtu nisiyemjua, mfugaji wa Kisukuma. Alisema amemkuta mzee kando ya lori. Jeki iliteleza kwenye tope wakati wa kubadili tairi, gari likamwangukia mguuni. Msaidizi wake alikuwa amemtoa kwa kuchimba udongo kwa mikono, lakini kila walipobonyeza kile kifaa hakikujibu. Mfugaji alimpakia kwenye mkokoteni wake wa ng'ombe, akampeleka hadi kilimani, mahali simu inaposhika.

Hospitalini walimkata mguu chini ya goti.

Nilikwenda kumwona pamoja na meneja. Nilimwamkia, akaitikia marahaba kwa sauti ndogo, kisha akamgeukia meneja kama mtu anayeomba radhi.

"Bosi, nadhani nilibonyeza vibaya. Vitu hivi vya vijana, mimi sijavizoea."

Meneja alitikisa kichwa kwa huruma. Kwenye taarifa yake aliandika kwamba dereva hakujua kutumia kifaa. Mimi ndiye niliyeichapa taarifa hiyo. Nilisahihisha hata herufi alizokosea.

Nilikaa na jambo hilo miezi minane. Mwishowe nilimwambia meneja, kwa sababu dereva mpya wa njia ile alikuwa ameanza kulalamika, naye akiambiwa hajui kubonyeza. Nilipewa barua ya onyo, na redio mbili za upepo zikarudishwa kwenye malori ya Masagati. Nilidhani nimemaliza. Lakini mzee alikuwa bado hajui.

Nilimkuta kwake, mvua ikinyesha, amekaa kwenye kiti cha kamba, gongo lake la kutembelea limeegemea ukuta. Nilimweleza yote, hata ile kicheni pati. Nilipomaliza akauliza:

"Kwa hiyo sikubonyeza vibaya?"

"Hapana, baba. Hakukuwa na mtandao. Sikuwahi kufika kule."

"Nilibonyeza sawasawa."

"Ndiyo."

Akamwita mke wake atoke jikoni.

"Mwambie na mama yako," akaniambia. "Wanangu wote wanajua baba yao alishindwa kubonyeza kitufe. Anza upya, taratibu, asikie."

Nikaanza upya. Kusema mara ya pili kulikuwa kugumu zaidi, maana mama yule alikuwa amesimama na mwiko mkononi, akinitazama mdomoni. Nilipofika kwenye ile alama ya vema aligeuka, akarudi jikoni.

Mzee hakumwita tena, wala hakuniambia niondoke. Tulikaa hivyo, mimi na yeye, mpaka mvua ilipokatika, kisha nikaaga.