Mungazi Uliomuvunja Ndayisaba

IMEELEA! Jamani, ile planche ya Mama Dusabe imeelea, na Ndayisaba mwenyewe juu yake! Ngojeni niwaambie, maana kufika pale ilikuwa machozi tupu.

Mama Dusabe, jina lake Jovita, anakamua mafuta ya mawese hapa Rumonge. Bwana yake Ndayisaba alianguka toka juu ya mungazi, ule muti wa mawese, kule Kigwena akikata mikungu, miguu ikakufa. Mutu aliyekuwa anaogelea kuliko samaki! Sasa analala tu, anaangalia ukuta. Sahani anasukuma. Asubuhi moja akasema, "Mama Dusabe, munizike tu, nimechoka kuwajazia nyumba."

Jovita akakumbuka kitu. Kwa telefone alikuwa ameona vijana wa bahari wanalala kifudifudi juu ya planche, ubao ule wa kuteleza na mawimbi, wanapiga maji kwa mikono. Miguu haina kazi! Akasema, nitaitengeneza.

Akaokota frigolite, ile nyeupe nyepesi inayokuja ndani ya makarito ya televizyo, akaunganisha, akachonga na kisu cha jikoni. Zubeir, fundi wa kuziba mitumbwi ya fibre, akamupa kitambaa na gundi yake. Jovita akapaka. We! Frigolite ikalia chsss, ikayeyuka yote, ikabaki matope yenye harufu ya kukata pumzi.

"Pole shemeji," Zubeir akasema. "Kumbe gundi yangu inakula hii kitu. Iko nyingine haiikuli, epoksi, lakini huku utaipata wapi?"

Na jirani Mariyamu hakukosa neno. "Jovita, ulikuwa unachonga kitanda ao jeneza?"

Jovita akaenda kulilia kando ya ziwa. Toka jana Ndayisaba hajagusa hata maji. Kwa hasira akapiga teke bua kavu la jani la mungazi, yale anayowashia moto wa mawese. Likaanguka ziwani. Kuzama? Wapi! Likatulia juu ya maji kama bata.

Akakimbia nyumbani. Akachuna mabua, akayapanga, akayachoma vijiti vya mianzi yashikane, kitambaa juu, gundi ya Zubeir juu. Hii haikuliwa. Iliganda kama jiwe.

Wakamubeba Ndayisaba mpaka ufukweni. Akaona mabua chini ya gundi inayong'aa, akageuza uso.

"Ni mungazi huu. Ulinivunja, Mama Dusabe. Leo munanilaza juu yake?"

Jovita akachutama karibu yake.

"Ulikuvunja," Jovita akasema, "basi ukubebe. Kama hautaki, niambie, Baba Dusabe, nikaanze kuchimba."

Ndayisaba akafumba macho. Halafu akanyoosha mikono, wakamulaza. Wimbi likaja, planche ikainama, Jovita akaikamata kwa nguvu zote.

"Niachilie."

"Utazama!"

"Niachilie, mwanamuke!"

Akaachilia. Mikono ikapiga maji, ikapiga tena, Ndayisaba akaenda. Alirudi anatetemeka, macho mekundu, akauliza kama bugali imebaki.

Kama unajua mutu anayelala akiangalia ukuta, wapelekee watu wake habari hii. Tafadhali, ipitishe.